Gesi Imeisha, Bosi

Mara ya kwanza fundi aliponiambia "gesi imeisha, bosi", nilimwamini. Ilikuwa Novemba, vuli haijaamua kama inanyesha au inatania, na chumba chetu cha kulala hapa Tabata kilishaanza kushika joto. Nikatoa 70,000, na usiku ule tukalala tukigombania shuka. Mara ya pili, wiki moja kabla ya Krismasi, nilimwamini nusu. Mara ya tatu ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, rimoti inasoma nyuzi 16, na mke wangu amehamia sebuleni chini ya pangaboi, mto kwapani, bila kusema neno. Fundi ni yule yule, kijana mpole. Akafunga geji kwenye mashine ya nje, akaitazama sindano, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika picha ya eksirei.

"Gesi tena, bosi. AC za siku hizi zinakula sana gesi."

Nikalipa. Ila hilo neno "zinakula" likanikaa kooni.

Nadhani sehemu ya lawama ni ya lugha. Kwa mtu wa mjini, gesi ni kitu kinachoisha. Mtungi wa jikoni huisha Jumapili mchana maharage yakiwa bado magumu, ukapakiwa kwenye bodaboda, ukarudi umejaa. Sasa tukisikia AC nayo ina gesi, akili inakimbilia jikoni: imetumika, imeisha, ijazwe. Lakini gesi ya jikoni inachomwa. Ya kwenye AC haichomwi wala hailiwi, inazunguka tu ndani ya mabomba ya shaba, ile ile, kutoka ndani kwenda nje na kurudi ndani, mwaka hadi mwaka. Mtu akipungukiwa damu hatusemi ameitumia yote kwa kutembea. Tunatafuta alipokatwa.

Ushahidi upo jikoni kwenyewe. Friji inafanya kazi kwa utaratibu ule ule wa AC, ina gesi na kompresa, tena haipumziki kwa msimu. Friji ya mama yangu ilinunuliwa 2004. Imehamishwa nyumba mara mbili, imevunjika mpini, mlango unafungwa kwa kusukumwa na goti, na hakuna aliyewahi kuiongezea hata gramu moja ya gesi. Tofauti ni kwamba friji inafungwa kiwandani, mabomba yamechomelewa yakawa kitu kimoja. AC ya ukutani inakuja vipande viwili, na anayeviunganisha ni fundi juu ya ngazi, spana mkononi, jua la saa saba kichwani. Kama gesi inapungua, mara nyingi ni kwamba kuna nati iliyokazwa vibaya siku ile ya kwanza.

Yangu haikuwa inavuja. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na kwa aibu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi mwingine, mzee wa miaka sitini na ushei, aliyeanza kazi enzi za AC za dirishani, zile kubwa kama kabati zilizokuwa zikinguruma kwenye ofisi za serikali. Alifika asubuhi na begi, tochi na ndoo. Baada ya shikamoo na marahaba, hakwenda kwenye mashine ya nje. Aliingia chumbani.

"Kichujio umekiosha lini, mwanangu?"

"Kichujio kipi, mzee?"

Akanitazama kidogo. "Basi tumeanza vizuri."

Akainua mfuniko wa mbele kama anafungua boneti, akachomoa nyavu mbili za plastiki ambazo nimeishi nazo miaka minne bila kujua zipo. Zilikuwa zimevaa blanketi la kijivu: vumbi la barabara yetu isiyo na lami, nyuzi za shuka, moshi wa dawa ya mbu, mafuta ya vitumbua kutoka jikoni. Nyuma ya nyavu ndipo ilipo koili, yaani mabomba ya shaba yaliyovalishwa mapezi membamba ya alumini. Mzee akamulika. Sehemu ya chini ilikuwa nyeupe. Akaigusa kwa ukucha, ikatoa mlio.

Barafu. Tabata, Januari, watu wanalala barazani, na mimi ninafuga barafu ukutani.

Hapo inabidi niseme kidogo mashine hii inafanyaje kazi, kwa sababu bila hivyo barafu inaonekana kama dalili njema. AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, kama wabeba mizigo wa Kariakoo wanaotoa magunia dukani na kuyapanga barabarani. Gesi ndiyo mbebaji. Ikifika kwenye koili ya ndani ikiwa kimiminika, inachemka na kugeuka mvuke, na kwa kuchemka inafyonza joto la hewa inayopulizwa na feni. Kompresa inaukandamiza ule mvuke ukawa wa moto kuliko hewa ya nje, ili ukifika kwenye koili ya nje ukubali kulitua joto lile na kurudi kuwa kimiminika. Kisha unapita kwenye njia nyembamba sana, shinikizo linaanguka ghafla, na safari inaanza upya. Sasa ukiziba mlango wa duka kwa blanketi la vumbi, wabebaji wako wote wapo, wazima, wanangoja mzigo usiofika. Kuwaongeza idadi hakusaidii.

Kibaya zaidi, hali hiyo inadanganya geji. Hili ndilo lililonigharimu, na sidhani kama niko peke yangu. Hewa isipopita vya kutosha, gesi inakosa joto la kuichemsha, na shinikizo upande wa kurudi linashuka. Kijana wangu alipofunga geji aliona sindano iko chini, na sindano kushuka ndiyo dalili ile ile ya gesi kupungua. Kwa gesi ya R410A, iliyo kwenye AC yangu, shinikizo likishuka chini ya takriban psi 100 maana yake koili imepita nyuzi sifuri kwenda chini. Unyevu unaoigusa unaganda. Barafu inaziba mapezi, hewa inapungua zaidi, shinikizo linashuka zaidi, barafu inaongezeka. Duara limekamilika, na hakuna aliyeiba gesi.

"Mbona basi kila akiongeza ilikuwa inapoza?" nikauliza. Niliona nimemkamata.

"Alipokuwa anafanya kazi, AC ilizimwa muda gani?"

Saa nzima, pengine na nusu. Kijana alikuwa anakwenda kutafuta mtungi, anarudi, anaomba maji ya kunywa. Muda huo barafu yote iliyeyuka. Tulipowasha, hewa ikapita, baridi ikaja, mimi nikatoa pochi. Ningeweza kuizima mwenyewe, nikaenda kunywa kahawa kijiweni, nikapata matokeo yale yale kwa shilingi mia mbili. Gesi iliyoongezwa ilichangia kidogo, kwa kuinua shinikizo likasogea juu ya kiwango cha kuganda. Baada ya wiki kadhaa vumbi likawa limeongezeka, mchezo ukajirudia.

Kuna namna ya kutofautisha magonjwa haya mawili bila geji, na mzee alinionyesha kwenye mabomba ya nje. Kila AC ya vipande viwili ina bomba jembamba na bomba nene. Ikiwa gesi imepungua kweli, bomba jembamba hupiga barafu karibu na vali huku nene likiwa kavu na halina baridi. Ikiwa tatizo ni hewa kuzibwa ndani, bomba nene ndilo linalotoa jasho kupita kiasi au kuganda, wakati mwingine mpaka kwenye kompresa. AC nzima hutoa jasho la kiasi kwenye bomba nene, kama chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi. Kipimo kingine ni cha ndani: kipimajoto cha bei nafuu juu ya mashine, hewa inakoingia, kisha mdomoni, inakotokea, baada ya robo saa ya kufanya kazi. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaridhisha. Yangu ilikuwa nyuzi 4.

Mzee aliosha. Si ule uoshaji wa kupangusa jalada. Alivisha mashine mfuko mkubwa wa nailoni uliokuwa na mrija ulioishia kwenye ndoo, akafunika bodi ya umeme, akapuliza maji ya dawa kati ya mapezi. Maji yaliyotoka yalikuwa kama ya kuoshea mkaa. Kisha akaja kwenye feni yenyewe, ambayo si panga kama tulizozoea bali ni pipa refu jembamba lenye vijipezi vingi, na kila kijipezi kilikuwa kimejaa tope lililokauka. Kijipezi kikijaa hakichoti hewa. Sauti ya upepo unaisikia, upepo wenyewe haukufikii. Nilikuwa nimeshangaa siku nyingi kwa nini AC inavuma na pazia halitikisiki.

Mashine ya nje nayo ilioshwa, ila hapo hapakuwa na maajabu. Iko ukuta wa kaskazini, ina nafasi. Siyo wote wenye bahati hiyo. Angalieni maghorofa ya katikati ya jiji, vile vichochoro kati ya jengo na jengo ambamo mashine ishirini zimepangwa juu kwa juu zikitazamana, kila moja inameza pumzi ya moto ya mwenzake. Mpangaji wa ghorofa ya sita anaambiwa gesi imeisha, kumbe anapokea joto la ghorofa tano zilizo chini yake. Wengine hujenga kijumba cha bati juu ya mashine ili isiibwe, kisha wanashangaa inazima saa nane mchana. Na wa pwani kabisa, Masaki, Kigamboni, Unguja, wana adui wao: chumvi. Upepo wa bahari unayala mapezi ya alumini mpaka yakiguswa yanamong'onyoka kama biskuti. Kwa hao kuosha mashine ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi si anasa.

Gesi kuvuja kwenyewe kupo, sikatai. Nati za kuungia ndizo za kwanza kushukiwa, maana mdomo wa bomba la shaba hukunjwa kwa mkono, na ukikunjwa vibaya au kukazwa kupita kiasi unapasuka uzi mwembamba usioonekana. Hapo fundi hachukui mtungi kwanza. Anachukua sabuni ya maji na brashi, anapaka kwenye maungio, anasubiri povu. Mafuta yaliyotota kwenye ungio nayo ni ushahidi, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri na gesi na hutoka nayo. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu amejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na anajua utamwita tena.

Bidhaa anayoijaza nayo si kitu cha mchezo. R22, iliyokuwa kwenye karibu kila AC tuliyoikuta utotoni, inatoboa tabaka la ozoni, na kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinaipunguza kwa hatua hadi kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizobaki. R410A iliyoshika nafasi yake haigusi ozoni, lakini kilo moja ikivuja hewani inapasha dunia joto kama zaidi ya tani mbili za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana Oktoba 2016 wajumbe walikutana hapo jirani, Kigali, wakakubaliana kuzipunguza na hizo pia. Mpya madukani ni R32, ambayo madhara yake ni karibu theluthi moja ya R410A, ila inaweza kushika moto. Kwa hiyo kuchanganya aina, kama wanavyofanya wengine kwa kuwa "zote gesi", ni hatari hata kabla ya kuwa ni uharibifu. Aina imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, pamoja na uzito wake kwa gramu. Ushikeni uzito huo, nitaurudia.

Unyevu. Watu wa Dar tunalalamikia joto, lakini kinachotutesa hasa ni maji yaliyo hewani, na AC inalijua hilo kuliko sisi. Wakati mzee anasubiri koili ikauke nilimwonyesha ndoo ya lita kumi ninayotega chini ya mrija. Usiku ambao AC ilikuwa nzima ilikuwa ikijaa kabla ya adhana ya alfajiri. Kugeuza lita moja ya mvuke kuwa maji ni kazi nzito. AC ya BTU 12,000 ikikamua lita moja kwa saa, karibu moja ya tano ya nguvu yake imeishia hapo, kabla chumba hakijapoa hata nyuzi moja. Na hili si pembeni ya shughuli, ndiyo shughuli iliyoizaa. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia kijana wa Marekani, alibuni mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi zinakosa mahali pake. Watu hawakuwa kwenye hesabu. Ni karatasi ndizo zilizohurumiwa kwanza, jambo ambalo sisi tunaoishi kwa magazeti tunaweza kulitazama kwa kijicho.

Basi madirisha. Chumba changu kina dirisha la alumini la kusukuma, na kati ya kioo na wavu wa mbu kuna mwanya unaopitisha kidole. Usiku kucha hewa nzito ya nje inaingia hapo na AC inaikamua maji upya. Mzee aliuziba kwa utepe wa sponji. Lakini juu yetu kuna jipsam, na juu ya jipsam kuna bati, na katikati hakuna kitu. Bati linapokea jua tangu saa mbili asubuhi, na hadi saa nne usiku dari ukiiwekea kiganja ina joto la paji la mgonjwa. Wazee wa Unguja na Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene za kukaa mtu, dari ndefu, na bado waliacha nafasi ya upepo kupita. Sisi tumejenga tanuri tukalifungia AC. Ndiyo maana hesabu za dukani, kwamba BTU 9,000 zinatosha chumba kidogo na 12,000 chumba cha wastani, kwa nyumba zetu za bati zinahitaji kuongezwa. AC iliyozidiwa na chumba haina ugonjwa, na hakuna fundi atakayeitibu.

Kuhusu zile nyuzi 16: nilikuwa nadhani nikishusha namba, AC inaongeza kasi. Namba ni mahali pa kushuka tu. Ukimwambia konda unashukia Mbagala badala ya Mtoni, daladala haiendi mbio zaidi. Inakupeleka mbali zaidi. Kompresa ya kawaida inasukuma kwa nguvu ile ile, na ukiiwekea 16 ambayo chumba hakitafika kamwe, haitapumzika, LUKU inateketea, na koili chafu inapata muda mrefu zaidi wa kuganda. Sasa tunaweka 25 na pangaboi taratibu. Shilingi 10,000 inanipa karibu uniti 28, na nimeacha kuzihesabu kila asubuhi kama mtu anayefuatilia mgonjwa wa presha.

Mengine nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Kabla ya kumwita yeyote, tazama rimoti: alama ya theluji ndiyo ya kupoza, tone la maji ni la kukausha hewa, na mtoto akibonyeza ikaenda kwenye alama ya feni utapulizwa hewa ya joto hadi Idi. Sikiliza mashine ya nje. Kama feni inazunguka lakini kompresa inaunguruma kidogo kisha inakata "tak", katika AC zisizo za inverta mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo kinachoisukuma kompresa ianze. Bei yake ni ndogo kuliko gesi, lakini hushika umeme hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo usikiguse. Umeme mdogo wa jioni nao huua kompresa taratibu. Na ipo siku mjusi kafiri ataingia kwenye bodi ya nje kutafuta joto, ataunganisha nyaya mbili kwa mwili wake, na utaitiwa fundi aje kumtoa marehemu.

Turudi kwenye uzito. Koili ilipokauka, tuliwasha. Mzee akafunga geji kwa mara ya kwanza, na sindano, iliyokuwa ikionekana chini siku zote, ikapanda ikapita mahali pake. Alikuwa amelitarajia hilo. Akatoa begini mashine ndogo ya kunyonya gesi, mtungi mtupu na mizani ya kidijitali, akavuta kila kilichokuwa ndani. Kibandiko cha mashine kimeandikwa gramu 950. Mizani ilisoma 1,280.

"AC yako haikupungukiwa hata siku moja," alisema. "Ilikuwa imevimbiwa. Ungeniita Machi ningekuja kutoa kompresa."

Akaweka pampu ya vakyumu dakika arobaini, kuondoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, hatua ambayo yule kijana hakuwahi kuifanya, kisha akarudisha gramu 950 juu ya mizani, polepole, kama muuza dhahabu. Kipimajoto mdomoni kikasoma 14, juu ya mashine 25. Mke wangu akaja mlangoni, akasimama dakika moja, akarudi sebuleni kuuchukua mto wake.

Nilipomlipa, mzee alikuwa anakunja mipira. Akaunyanyua ule mtungi mdogo, akautikisa.

"Humu kuna gramu mia tatu na thelathini, na ni zako, umezilipia 210,000. Nikuachie?"

Nikamwambia aende nazo.